Mwaka unaopotea mpakani: nani analipia kozi ya maandalizi ya chuo kikuu?

Msimu wa udahili ukifika, wazazi wanaofanya biashara Busia, Namanga, Mutukula na Rusumo hukutana na swali moja. Mtoto amemaliza sekondari, cheti anacho, alama si mbaya. Chuo cha ng'ambo ya pili kinamtaka, lakini barua ya udahili ina kifungu kinachosema asome kwanza mwaka mmoja wa maandalizi. Wengine huita kozi hiyo faundesheni, wengine kozi ya daraja. Kwa vyovyote vile, ni ada ya mwaka mzima, chumba cha mwaka mzima na chakula cha mwaka mzima kabla mtoto hajagusa shahada yenyewe.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hilo si jambo dogo. Fedha ya mwaka mmoja wa chuo mara nyingi ni sawa na mtaji wa kuzungusha mzigo miezi kadhaa. Ndiyo maana wengi huona kozi hii kama ujanja wa vyuo kujiongezea mapato, na wengine huiona kama adhabu kwa mtoto asiye na akili. Zipo kozi za ujanja, na nitazigusa. Lakini katika eneo letu sababu kubwa ya kozi hii ni hesabu ya miaka ambayo nchi zetu zimekataa kuipatanisha kwa zaidi ya miaka 40. Serikali ndizo zilizoacha pengo, na mzazi ndiye anayelijaza kutoka mfukoni.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Uganda mtoto husoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari ya chini na miwili ya juu. Jumla ni miaka 13, kisha shahada ya kawaida ya miaka mitatu. Tanzania mpaka sasa imekuwa hivyo hivyo: saba, minne, miwili. Kenya kwa mfumo wa 8-4-4 mtoto husoma miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, jumla 12, kisha shahada ya miaka minne. Rwanda ni sita, mitatu na mitatu, yaani 12. Burundi ni tisa na mitatu, yaani 12. Kongo, Sudan Kusini na Somalia nazo ni 12.

Sasa weka mizani. Mkenya aliyesoma kwao anahitimu shahada akiwa na miaka 16 ya masomo: 12 na minne. Mganda naye ana 16: 13 na mitatu. Kila mmoja akibaki kwao, hakuna aliyepunjwa. Tatizo huanza wakivuka mpaka. Mkenya mwenye miaka 12 akiingia shahada ya miaka mitatu Kampala anatoka na 15. Mwaka mmoja umepotea njiani, na chuo kinasema lazima upatikane. Hapo ndipo kozi ya daraja inapozaliwa. Mganda mwenye miaka 13 akiingia shahada ya miaka minne Nairobi anatoka na 17, na sehemu ya mwaka wake wa kwanza inakuwa kurudia mambo aliyokwisha kuyasoma kidato cha tano na cha sita. Hakuna anayeiita faundesheni, kwa sababu imefichwa ndani ya shahada na mzazi hulipa bila kujua kwamba ameilipia.

Hili la Nairobi huwa halisemwi sana. Wazazi wa Uganda na Tanzania husifu kwamba Kenya inapokea watoto wao bila kozi ya daraja. Kweli inapokea. Lakini mwaka ule ule unalipwa, tofauti ni kwamba haukuandikwa kwenye ankara peke yake.

Haikuwa hivi tangu mwanzo

Kuna wakati mpaka huu wa vyeti haukuwapo. Kuanzia 1963 hadi 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1967 likaanzishwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Kijana wa Kisumu, wa Mbarara na wa Tanga walikuwa na aina moja ya cheti cha kidato cha sita, na tawi lolote la chuo lililielewa.

Kisha kila nchi ikashika njia yake. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo 1971 na kuunda NECTA 1973. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977. Kenya ikaunda KNEC 1980, Uganda ikaunda UNEB 1983. Hata hivyo ngazi zilibaki zinafanana, kwa sababu nchi zote tatu zilikuwa bado na kidato cha tano na cha sita. Aliyekata kamba ni Kenya. Mwaka 1985 ilianza 8-4-4, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ukafanyika 1989, mwaka ule ule ambao KCSE ya kwanza ilifanyika. Miaka miwili ya sekondari ya juu ikafutwa, mmoja ukasukumwa shule ya msingi na mwingine ukasukumwa chuo kikuu.

Kenya ilikuwa na sababu zake na hatuna haja ya kuzifufua hapa. Ila hapakuwa na mtu wa kuuliza mtoto wa Busia upande wa Kenya atakubaliwaje Busia upande wa Uganda. Jumuiya ilikuwa imekufa na hakukuwa na meza ya kukaa.

Meza sasa ipo. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zilinganishe na kutambuana vyeti vya elimu na vya taaluma. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, lina makao yake Kampala. Mwaka 2015 ukapitishwa mfumo wa sifa za elimu ya juu wa Afrika Mashariki wenye ngazi nane, ambao lengo lake ni kwamba ngazi fulani Kigali iwe ngazi hiyo hiyo Dodoma. Mei 20, 2017 wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam wakatangaza Jumuiya kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu.

Matangazo ni mazuri. Lakini linganisha na mzigo wa sabuni. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata pale pale mpakani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa na kuvuka bila ushuru wa forodha. Utaratibu huo una kasoro zake, na kila asomaye gazeti hili anazijua vizuri kuliko mwandishi. Hata hivyo upo, una fomu, una dirisha, na una kiwango kinachojulikana. Cheti cha kidato cha nne cha mtoto wa mfanyabiashara huyo hakina dirisha. Kinalinganishwa upya katika kila nchi, na kila baraza lina fomu yake na ada yake. Uganda utakwenda UNEB, Kenya utakwenda KNEC, Tanzania utakwenda NECTA. Baada ya hapo mamlaka ya vyuo vikuu ina masharti yake, na chuo chenyewe kina yake.

Kozi yenyewe ikoje

Uganda masharti ya msingi ya kuingia shahada ni prinsipo mbili za kidato cha sita au kinacholingana nazo. Mwenye KCSE hana prinsipo, hata kama ana A. Kwa hiyo swali huwa kwenye neno "kinacholingana", na kwa miaka mingi jibu limekuwa likitofautiana kati ya chuo na chuo, na kati ya mwaka na mwaka. Njia iliyo wazi ni cheti cha mwaka mmoja kilicho chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Kina michepuo ya sayansi na ya sanaa, na aliyefaulu anaweza kuomba shahada inayoendana na mchepuo wake. Neno muhimu hapo ni inayoendana. Aliyesoma mchepuo wa sanaa hawezi kesho yake kuomba uuguzi, na ni kosa ambalo limewagharimu watu mwaka wa pili.

Tanzania, mwenye cheti cha nje anatakiwa kwanza apate ulinganifu kutoka NECTA kabla Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, haijamtazama. Kozi ya maandalizi inayofahamika zaidi ni ile ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo mwongozo wa udahili wa TCU unaitambua kwa anayepata GPA ya 3.0 na kutimiza masharti mengine ya elimu ya awali. Zingatia hayo masharti mengine. Kozi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyetoka kidato cha nne moja kwa moja bila kitu kingine mkononi. Inamtaka awe na kiwango fulani cha kidato cha sita, au stashahada, au sifa nyingine iliyotajwa. Wapo wanaoambiwa mitaani kwamba "ukilipa faundesheni unaingia", wakasahau kuuliza mlango wa kuingilia faundesheni yenyewe.

Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi kuna mzigo wa ziada, nao ni lugha. Kijana wa Uvira mwenye Diploma ya Serikali amesoma kwa Kifaransa miaka yote. Akienda Kampala, Dar es Salaam au Kigali, darasa ni la Kiingereza. Rwanda nayo iliamua kuhamia Kiingereza mwaka 2008. Ajabu ni kwamba kijana huyo akishuka soko la Kigoma anauza na kununua kwa Kiswahili kutwa nzima na hakuna anayehitaji mkalimani. Akipanda ngazi za chuo anakuwa bubu mwaka mzima. Kwake kozi ya maandalizi ni ya lazima kweli, na ni heri aisome kwa bidii kuliko kurukia mwaka wa kwanza na kufeli kwa kutoelewa swali.

Ipo basi tofauti ambayo mzazi anapaswa kuiona kabla ya kutoa shilingi. Kuna mwaka unaodaiwa na mfumo, kwa sababu nchi uliyotoka ina miaka 12 na unayokwenda inataka 13. Mwaka huo hauhusiani na akili ya mtoto. Kuna mwaka unaodaiwa na alama, kwa sababu mtoto hakufikia kiwango hata kwao. Kuna unaodaiwa na lugha. Na kuna mwaka ambao haudaiwi na mtu yeyote isipokuwa mhasibu wa chuo. Barua ya udahili haitakuambia ni upi kati ya hiyo. Ni juu yako kuuliza, na jibu la kuaminika ni la maandishi kutoka baraza la mitihani na mamlaka ya vyuo ya nchi husika. Maneno ya afisa masoko wa chuo hayatoshi.

Kurudi nyumbani

Hatari kubwa zaidi inakuja siku ya kurudi, na siku hiyo ada imekwisha kulipwa na haitarudi.

Chukua mfano wa kijana wa Kenya aliyepata C katika KCSE. Kwao hawezi kuingia shahada moja kwa moja, kwani kiwango ni C+. Anavuka mpaka, anasoma kozi ya daraja mwaka mmoja, anafaulu, anasoma shahada ya ualimu miaka mitatu, anafaulu tena. Anarudi na shahada halali kutoka chuo halali. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, inafungua faili lake na kuangalia KCSE, si shahada. Kwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada inataka C+ kwa jumla, na C+ katika masomo mawili anayofundisha. Kozi ya daraja aliyoilipia haimo kwenye fomu.

Sheria iko hivyo hivyo, na huenda ni kali zaidi. Sheria ya mwaka 2012 ya Chuo cha Sheria cha Kenya, kile anachopitia kila anayetaka kuwa wakili, iliweka kwamba waliopata shahada ya sheria nje wawe na C+ ya KCSE pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Mashauri juu ya kipengele hicho, na juu ya wanaopanda ngazi kwa ngazi kupitia cheti na stashahada, yamefika mahakamani zaidi ya mara moja. Wapo waliomaliza shahada nzima ndipo wakaambiwa alama waliyoipata wakiwa na miaka 18 bado inawafuata.

Mtu anaweza kusema kila nchi ina haki ya kulinda viwango vyake, na mimi sikatai. Hakuna anayetaka muuguzi asiyejua kemia. Lakini hapa pana kutoelewana kwa msingi. Nchi moja inaiona kozi ya daraja kama ngazi kamili: ukiipanda, umeipanda. Nchi nyingine inaiona kama hewa. Zote mbili zimesaini itifaki ile ile. Zote zina wawakilishi katika IUCEA. Katika forodha, jambo la namna hiyo lingeitwa kikwazo kisicho cha kiushuru, na lingeorodheshwa kwenye mkutano wa mawaziri wa biashara na kupewa tarehe ya kuondolewa. Vyeti havina orodha hiyo.

Kwa hiyo anayepeleka mtoto nje kwa taaluma yenye bodi, iwe ualimu, sheria, udaktari, uuguzi au uhandisi, aanzie mwisho. Aende kwanza kwenye bodi ya nyumbani na kuuliza: mtu mwenye alama hizi za sekondari, akasoma maandalizi kule, akapata shahada kule, mtamsajili? Akijibiwa ndiyo, aombe barua. Hakuna mfanyabiashara anayenunua tani tano za mchele kabla ya kujua kama shehena itaruhusiwa kuingia kwao. Kwa mtoto tunafanya kinyume kwa sababu jina la chuo linatupumbaza.

Kwa asiyelenga taaluma yenye bodi, tuseme anasoma biashara, lojistiki au kompyuta na atarudi kushika duka au kuajiriwa na kampuni binafsi, hatari hiyo ni ndogo. Kwake swali ni la fedha na muda tu. Na kwa muda, usidanganywe na tangazo la "shahada miaka mitatu". Mwaka mmoja wa maandalizi na mitatu ya shahada ni minne, sawa sawa na aliyebaki Kenya. Unaweza kuokoa kwenye ada na kodi ya chumba, na wengi huokoa, lakini mwaka hukuokoa.

Mbali zaidi: Ulaya na madalali wake

Hesabu hii ya 12 na 13 haikuishia kwetu. Uingereza ndiyo iliyotuachia mfumo wa kidato cha sita, na shahada zake nyingi ni za miaka mitatu baada ya miaka 13. Ndiyo maana vyuo vingi huko humpokea mwenye kidato cha sita cha Uganda au Tanzania moja kwa moja alama zikiwa nzuri, lakini humtaka mwenye KCSE au cheti cha Rwanda apitie mwaka wa maandalizi. Mwaka huo huuzwa kwa wageni kwa maelfu ya pauni, na mara nyingi hauendeshwi na chuo chenyewe bali na kampuni iliyoingia mkataba nacho. Juu yake kuna ada ya viza na tozo ya afya ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka.

Anayekuletea kozi hiyo mpaka mlangoni ni wakala. Hutalipa kitu, atakuambia, huduma ni bure. Kweli ni bure kwako, kwa kuwa yeye hulipwa na upande wa pili kwa asilimia ya ada ya mtoto wako. Biashara hii unaijua: ni dalali, na dalali anayelipwa na muuzaji hawezi kukushauri usinunue. Simaanishi kwamba wote ni wadanganyifu. Wapo wanaofanya kazi nzuri ya kupanga karatasi. Ila usimwulize yeye kama kozi inahitajika.

Januari 2024 gazeti la Sunday Times la London liliandika kwamba baadhi ya vyuo vikubwa vya huko vilikuwa vinapokea wageni kupitia kozi za maandalizi kwa alama za chini kuliko zile wanazotakiwa wenyeji wanaoingia moja kwa moja. Vyuo vilijibu kwamba kulinganisha anayeingia mwaka wa awali na anayeingia mwaka wa kwanza si haki. Mzozo huo ni wa kwao. Kwetu funzo lake ni kwamba kufaulu kozi ya maandalizi na kuhakikishiwa nafasi ya shahada ni vitu viwili tofauti. Mikataba mingi husema mtoto ataendelea akifikia alama fulani. Asipoifikia, fedha imekwenda, na viza yake nayo iko mashakani.

Ujerumani imechukua njia nyingine. Ina vyuo vya maandalizi vinavyoitwa Studienkolleg, vya mihula miwili, vinavyoishia kwenye mtihani wa serikali wa kupima kama mgeni anafaa kuanza shahada. Vile vya umma kwa kawaida havitozi ada ya masomo, isipokuwa mchango mdogo wa muhula. Kizingiti ni kwamba lazima uwe umekwisha kujifunza Kijerumani cha kutosha kabla ya kuingia, na ili kupata viza uwe na fedha kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, kiwango ambacho kilipandishwa 2024 kufikia euro 11,904 kwa mwaka. Fedha hiyo inabaki ya mtoto, hupewa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa mfanyabiashara tofauti iko wazi: Uingereza unatumia, Ujerumani unafungia. Mtu mwenye mtaji unaozunguka atajua mwenyewe kipi kinamuumiza zaidi.

Kitakachobadilika, na kitakachobaki

Katika miaka michache ijayo hesabu yote hii itavurugika upya. Kenya inaacha 8-4-4. KCPE ya mwisho ilifanyika 2023, na waliofanya mtihani huo ndio watakaofanya KCSE ya mwisho 2027. Nyuma yao linakuja kundi la mtaala wa umilisi, lililoingia darasa la kumi Januari 2026. Watoto hao watakuwa wamesoma sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya juu. Bado ni 12. Lakini shahada, katika mpango huo mpya, imepangwa kuanzia miaka mitatu. Kumi na mbili na mitatu ni 15.

Tanzania nayo inapunguza. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba. Wanaomaliza darasa la sita na wanaomaliza darasa la saba mwaka 2027 wataingia kidato cha kwanza pamoja 2028. Kidato cha tano na cha sita vinabaki. Sita, minne, miwili: Tanzania itakuwa na miaka 12, ikiwa na mtihani wa kidato cha sita mkononi. Wenye miaka 13 watabaki Waganda peke yao, labda nao wabadili. Tume iliyoongozwa na Amanya Mushega ilipewa kazi ya kuipitia sera yao ya elimu.

Hapo ndipo udhaifu wa kuhesabu miaka utakapoonekana wazi. Kama Kampala itaendelea kumdai Mkenya mwaka wa ziada kwa sababu ana miaka 12, itamdai pia Mtanzania wa 2034? Huyo ana 12 vilevile. Ikimwachia Mtanzania kwa sababu ana prinsipo, basi sharti halikuwa miaka bali mtihani, na Mkenya wa darasa la 12 atakuwa na haki ya kuuliza mtihani wake umepimwa na nani na kwa kipimo gani. Mfumo wa ngazi nane wa 2015 uliandikwa kwa ajili ya swali la namna hiyo hasa. Kinachokosekana ni uamuzi wa kila baraza kuuheshimu, na jedwali moja la wazi, linalobandikwa hata kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, lionyeshe cheti gani cha nchi gani kinahitaji maandalizi na kipi hakihitaji, na kwamba maandalizi yaliyofanywa nchi moja mwanachama yanahesabiwa katika zote.

Jambo hilo halihitaji fedha nyingi, na waliokwisha kukubaliana juu ya orodha ya bidhaa za dola 2,000 wanaweza kukubaliana juu ya orodha ya vyeti vinane. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vimezoea kupeleka malalamiko ya mizani, ya vibali vya mahindi na ya vizuizi barabarani. Sijaona vikipeleka hili la watoto, ingawa fedha inayopotea ni ya wanachama wale wale.

Kundi la kwanza la Kenya lenye miaka 12 na shahada ya mitatu linatazamiwa kugonga milango ya vyuo 2029. Mtoto aliyeko darasa la kumi leo Busia au Taita Taveta yumo katika kundi hilo, na mabaraza hayajasema cheti chake kitasomwaje ng'ambo.